Kucha za Simba wa Cheptiret

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya watu kuhusu madeni yao, ndoa zao na afya zao. Ni nadra sana kuisikia ikitumiwa kumhusu mbwa, sembuse kucha za mbwa. Hata hivyo, katika boma moja lililoko Cheptiret, ufa uliopuuzwa ulikuwa ukucha, na nusura ufa huo umgharimu mnyama uhai wake.

Wasomaji wengi wa kurasa hizi wanapajua Cheptiret. Ni kituo kilichoko kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, mahali ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi hushuka na kutafuta matatu au pikipiki ya kuwafikisha Kesses, kwenye bewa kuu. Tangu chuo hicho kiasisiwe mwaka wa 1984, wenyeji wengi wa eneo hili, ambao asili yao ni wakulima wa mahindi na ngano na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wamejifunza zao jingine: vyumba vya kupangisha. Mmoja wa wenyeji hao alikuwa bibi kizee ambaye wapangaji wake wote walimwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha ya Kikalenjin. Alikuwa na vyumba 6 vya mabati vilivyopangwa kwa safu moja, zizi la ng'ombe 3, na mbwa mmoja wa rangi ya kahawia aliyeitwa Simba.

Simba alikuwa amefungwa kwa mnyororo chini ya mkaratusi nyuma ya zizi. Hakuzaliwa kufungwa. Marehemu mume wa Kogo alipokuwa hai, mbwa huyo alimfuata kila alikokwenda: mtoni kunywesha mifugo, kwenye josho, sokoni, na hata kanisani, ambako alimngojea mlangoni hadi ibada ikaisha. Mzee alipofariki, vyumba vikajengwa na nyuso ngeni zikaanza kuingia na kutoka bomani usiku na mchana. Simba hakuzielewa nyuso hizo. Alimbwekea kila mpangaji, akamrarua mmoja suruali, na wapangaji wakatishia kuhama. Ndipo mnyororo uliponunuliwa. Ulikuwa na urefu wa hatua 3 za mtu mzima, na kwa muda wa miaka 2 dunia yote ya Simba ilikuwa duara la matope lenye upana huo.

Katika chumba cha mwisho, kilichokuwa karibu zaidi na mkaratusi, alikaa msichana mmoja kutoka Makueni, mwanafunzi wa mwaka wa 3 wa ualimu. Msichana huyu aliwaogopa mbwa kupita kiasi. Alipokuwa na umri wa miaka 9 aliumwa na mbwa koko akitoka shuleni, na kovu lilisalia pajani mwake. Alichokikumbuka zaidi si meno, bali zile safari za kurudi hospitalini kudungwa sindano, na uso wa mamake ambao kwa majuma kadhaa haukuonyesha tabasamu hata moja. Alichagua chumba kile kwa sababu kodi yake ilikuwa nafuu. Kila jioni alipita ukutani ukutani, mgongo ukigusa mabati, hadi alipoufikia mlango wake.

Mvua za masika zilipoanza, Simba alianza kuchechemea. Mwanzoni aliuinua mguu wa mbele wa kulia, kisha akawa halali vizuri, na hatimaye akaacha kusimama hata alipoletewa chakula. Watu wakasema mengi. Wapo waliodai amechomwa na mwiba. Wapo waliodai amerogwa na jirani mwenye kijicho. Mpangaji mmoja alinong'ona kuwa huenda ni kichaa cha mbwa, na neno hilo likaenea bomani kama moto wa nyikani. Siku moja mjukuu wa Kogo, mtoto wa miaka 5, aliukanyaga mguu ule mbovu alipokuwa akiufuata mpira wake. Simba aligeuka ghafla na kuishika sweta ya mtoto kwa meno. Ngozi haikuguswa, lakini mayowe yalifika barabarani.

Usiku huo mwanawe Kogo, aliyekuwa akifanya kazi mjini Eldoret, alipiga simu. Mabati hayazuii sauti, na msichana aliyasikia maneno ya Kogo upande mmoja wa mazungumzo. "Mbwa huyu ni wa babako," alisema. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Haya. Mwisho wa mwezi." Asubuhi yake wapangaji wote walijua kuwa mwana huyo angekuja mwisho wa mwezi akiwa na sumu. Zilikuwa zimesalia siku 19.

Inawezekana kuwa msichana yule angefurahi. Adui yake wa kila jioni alikuwa amehukumiwa. Lakini furaha haikuja. Jioni ya pili alibeba makombo ya ugali kwenye sahani, akasimama mahali ambapo mnyororo haukuweza kufika, akamrushia Simba. Mbwa alijikokota kuyafuata, akapita juu ya saruji ya ukumbi wa zizi, na kila hatua ikatoa mlio: ta, ta, ta. Msichana alikuwa ameusikia mlio huo usiku mwingi akadhani ni matone ya mvua yakidondoka kutoka paani. Aliinama akatazama. Kucha za Simba zilikuwa ndefu mno na zimepinda. Zilipogusa saruji zilivisukuma vidole vyake juu, hata mguu ukakosa mahali pa kutua sawasawa. Na kwenye mguu wa kulia, ule ukucha wa pembeni ulioko juu kidogo, usiogusa ardhi kamwe, ulikuwa umejikunja kama pete na kuchoma nyama ya mguu wenyewe. Palikuwa na usaha.

Alimwendea Kogo jikoni.

"Kogo, Simba hana kichaa. Kucha zake zimemwingia nyamani. Zahitaji kukatwa."

Kogo aliacha kukoroga uji. "Mwanangu, tangu nizaliwe sijasikia mbwa akikatwa kucha. Kwato za kondoo, ndiyo. Mbwa?"

Swali la Kogo lilikuwa la haki kabisa. Mbwa wa vijijini huzinoa kucha zake mwenyewe bila kujua. Anapotembea juu ya changarawe, mawe na lami, ardhi humkatia. Simba wa zamani, aliyemfuata mzee mtoni na sokoni, hakuhitaji mkasi. Simba wa mnyororo alikanyaga tope laini miaka 2, na tope halikati chochote. Isitoshe, ule ukucha wa pembeni haukatwi na ardhi ya aina yoyote, kwa kuwa haiufikii. Ukiachwa huendelea kukua na kujikunja hadi urudi nyamani.

Msichana alipoeleza haya, Kogo alikaa kwenye kigoda. "Kumbe ni mimi niliyemlemaza," alisema.

Hatua ya kwanza haikuwa kukata. Msichana, kwa sababu ya kovu lake, alijua jambo ambalo wengi hulisahau: mtu hamshiki mbwa mwenye maumivu, asiyejulikana kama amechanjwa, kwa kutegemea bahati. Kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate ya mnyama mgonjwa yanapoingia kwenye jeraha, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni karibu muhali. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na kwamba mbwa ndio chanzo cha takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Kenya ilizindua mwaka wa 2014 mkakati wa kuvikomesha vifo hivyo kufikia mwaka wa 2030, na nguzo yake kuu ni kumchanja mbwa. Aidha, anayeumwa au kukwaruzwa anapaswa kukiosha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini bila kungoja dalili.

Daktari wa mifugo aliitwa. Wapangaji 5 walichanga pesa, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Wa 6 alisema hawezi kumlipia mbwa aliyemrarulia suruali, na hakuna aliyemlaumu. Daktari alimtazama Simba kwa makini, akamfunga mdomo kwa utepe wa kitambaa kwa muda mfupi, akaukata ule ukucha uliojikunja, akausafisha mguu na kumdunga dawa. Alisema hakuona dalili zozote za kichaa. Mguu ulipopoa siku chache baadaye alirudi, akamchanja.

"Na hizi nyingine?" msichana aliuliza.

"Hizi nyingine ni kazi ya nyumbani," daktari alijibu. "Siwezi kuzikata zote kwa siku moja. Ukucha wa mbwa si kama wako. Ndani yake mna kiini chenye mishipa ya damu na neva. Ukucha ukirefuka, kiini nacho hurefuka. Ukikata kwa pupa utakikata kiini, na maumivu yake hatayasahau. Kata kidogo kidogo, kila baada ya juma moja. Kiini kitarudi nyuma chenyewe."

Haraka haraka haina baraka, lakini mwezi nao haungoji. Siku 11 zikiwa zimesalia, msichana aliona kwamba "kidogo kidogo" ya daktari ingemkuta Simba kaburini. Alichukua kikata kucha chake mwenyewe, kile kidogo cha chuma ambacho kila mwanafunzi anacho, akamwomba Kogo ashike kichwa cha mbwa, akaanza. Ukucha wa kwanza haukukatika. Ulipondeka na kupasuka, kwa maana chombo kile kimetengenezewa ukucha bapa wa binadamu, si ukucha mnene wa mviringo. Katika ukucha wa pili alibana kwa nguvu zaidi. Simba alilia mlio ambao msichana hakuwahi kuusikia kutoka kwa mnyama. Damu ilitiririka. Mbwa aligeuza kichwa, na meno yake yakagusa kiganja cha msichana, yakakaa hapo kitambo, kisha yakaachilia. Hakukuwa na hata mchubuko.

Msichana alikimbilia chumbani akafunga mlango. Aliosha mkono kwa sabuni mara nyingi kuliko ilivyohitajika, huku akitetemeka. Nje, Kogo alichukua unga wa mahindi kiganjani, akaukandamiza kwenye ncha ya ukucha kwa kitambaa safi, akamsemesha Simba polepole kwa Kikalenjin hadi damu ikakoma.

Baadaye Kogo alibisha mlango. Hakuja kulaumu. Alileta kikombe cha maziwa ya mursik.

"Amekushika na hakukuuma," alisema. "Umeliona hilo?"

"Nimemuumiza, Kogo."

"Umemuumiza, naye amekusamehe kabla hujaomba. Kesho utarudi. Ila usirudi na hicho chuma chako."

Kesho yake walikwenda kwenye duka la dawa za mifugo na kununua mkasi mzito wenye makali yaliyopinda, unaoukumbatia ukucha pande zote mbili. Halafu wakafanya jambo ambalo jirani mmoja, akipita na punda wake wa maji, alilicheka waziwazi: kwa siku 3 nzima hawakukata chochote. Siku ya kwanza msichana alikaa kando ya Simba, akampa omena mmoja mmoja, akaushika mguu wake na kuuachilia. Siku ya pili aliushika mguu na kuugusisha mkasi ukuchani bila kuubana. Siku ya tatu aliubana mkasi hewani karibu na mguu ili mbwa auzoee mlio. Mkono wa msichana nao ulikuwa ukizoea. Siku hizo 3 hazikuwa za Simba peke yake.

Siku ya nne alikata ukucha mmoja, akakoma. Siku ya tano alikata kucha 2. Kazi yenyewe, kwa mtu atakayeihitaji, ni hii. Mbwa alazwe ubavu au akae, na mtu anayemwamini awe karibu na kichwa chake. Kidole kishikwe kwa upole, na kisukumwe kidogo ili ukucha ujitokeze. Ukucha ukiwa mweupe, mulika kwa tochi: kiini huonekana kama kivuli cha waridi ndani, nawe utakata mbali nacho. Ukucha ukiwa mweusi, kama zilivyokuwa nyingi za Simba, hakuna kinachoonekana. Basi kata vipande vyembamba kama punje ya mchele, na kila baada ya kipande utazame uso wa ukucha uliokatwa. Ukiona doa la mviringo katikati lililo tofauti na ganda linalolizunguka, acha hapo. Kiini kiko karibu. Mbwa wengi wana kucha 18: 4 kwa kila mguu, na moja ya pembeni kwa kila mguu wa mbele. Hizo 2 za pembeni zisisahaulike, kwa kuwa ndizo zisizopunguzwa na ardhi. Unga uwe karibu daima. Ncha ikibaki na makali, isuguliwe kwa tupa ndogo.

Katika jioni hizo Kogo aliwaza. Jioni moja aliutazama mnyororo kwa muda, akasema, "Tunakata kucha, nao mnyororo unazirefusha." Katika Sheria za Kenya imo Sura ya 360 inayozuia ukatili kwa wanyama, lakini Kogo hakuhitaji kusomewa sheria. Alikwenda akaufungua. Alimfunga Simba kamba shingoni, akamkabidhi msichana ncha yake, na wote watatu wakatoka polepole hadi kwenye barabara ya changarawe. Hawakwenda mbali siku hiyo. Simba alinusa kila jiwe kama mtu asomaye barua zilizorundikana kwa miaka 2. Tangu hapo ikawa desturi: saa 11 jioni, kabla ya kukama, walimtembeza. Wapangaji walianza kumzoea naye akaanza kuwazoea, kwa kuwa alikutana nao njiani akiwa anatembea. Yule mpangaji wa suruali ndiye aliyekuwa wa mwisho kupatana naye, na hata yeye siku moja alionekana akimrushia kipande cha chapati.

Mwisho wa mwezi uliwadia. Mwana wa Kogo aliteremka kutoka kwenye matatu akiwa na mfuko mdogo wa karatasi. Alimkuta mamake, msichana asiyemfahamu, na mbwa aliyelala ubavu bila mnyororo. Simba alinyanyuka akamwendea. Alikuwa bado anachechemea kidogo, kwani miguu iliyopinda kwa miaka haikunjuki kwa majuma 2. Alinusa viatu vya mgeni, kisha akakiegemeza kichwa kwenye goti lake.

Hakuna aliyesema neno. Mwishowe msichana, ambaye mwezi mmoja uliotangulia alipita ukutani ukutani, alisema, "Kaka, zimebaki kucha 3. Nahitaji mtu wa kumshikia kichwa. Kogo mgongo unamuuma."

Mwanamume yule aliutazama mfuko wake. Aliuweka juu ya ukuta wa zizi, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kazini, akakishika kichwa cha Simba kwa mikono miwili, kidole gumba nyuma ya kila sikio. "Baba alikuwa akimshika hivi," alisema. Sauti yake haikuwa imara.

Kucha 3 zilikatwa. Hakuna tone la damu lililomwagika. Kogo aliuchukua ule mfuko wa karatasi kwa ncha za vidole, akautumbukiza kwenye shimo la choo, akarudi kunawa mikono kwa sabuni.

Basi, ndugu msomaji, huenda mtu akauliza ni kwa nini kucha za mbwa zijadiliwe katika jarida la wanaokienzi Kiswahili, hali binadamu wana shida zao chungu nzima. Jibu liko katika yale majuma yaliyotangulia simu ya mwana. Simba alisema tangu mwanzo kuwa anaumwa. Alisema kwa mguu aliouinua, kwa usingizi uliomkimbia, kwa mlio wa kucha zake juu ya saruji usiku. Boma zima lilimsikia, likajibu kwa neno mwiba, kwa neno uchawi, kwa neno kichaa, na mwishowe kwa neno sumu. Aliyeinama akatazama alikuwa yule aliyemwogopa kuliko wote.

Muhula ulipokwisha msichana alirudi Makueni kwa likizo, na mkasi ukabaki kwenye dirisha la jiko la Kogo, kando ya tochi na kopo dogo la unga. Kila Jumamosi Kogo huuchukua. Macho yake si ya ujana tena, kwa hiyo mjukuu wake, yule wa sweta, ndiye amshikiaye tochi.